Daftari la IST yangu

Gari langu, Toyota IST, lilichemsha kwenye mlima Kitonga saa nane mchana, mama yangu akiwa kiti cha nyuma na ndoo ya samaki wa Feri miguuni. Nilikuwa namrudisha nyumbani Ilula. Onyo jekundu la joto liliwaka tukiwa katikati ya kona. Niliona vizuri kabisa, nikasema moyoni ngoja nifike juu ndipo nisimame. Zile dakika chache ndizo zilizopindisha silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Fundi wa Iringa aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akajaribu kupitisha kipande cha karatasi chini yake, kikapita. Kuvuta gari, kusawazisha hedi kwa mashine, gasketi na rejeta mpya, vyote vilizidi laki tisa. Servisi niliyokuwa naikwepa haifiki laki moja na nusu. Lakini kilichoniuma zaidi ni mama, mtu mzima, kukaa juani pembeni ya barabara mpaka magharibi.

Wengi walilaumu mlima, lakini gari lilianza kuharibika Tabata miezi minane kabla. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo, nami kila asubuhi naongeza maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na injini ya IST ni ya aluminiamu. Chumvi inaila taratibu, uchafu unaziba vijia vya rejeta. Tena kuna fundi aliyekuwa ameshaing'oa themostati, kile kilango cha maji ya injini, akaniambia nchi ya joto haiihitaji. Sivyo. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 hivi, ndipo inafunguka. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto na inakula mafuta zaidi. Baya zaidi, kuitoa kunakufichia tatizo: rejeta iliyoziba nusu itavumilia foleni za mjini, halafu inakuumbua siku ya mlima.

Kwa hiyo anza hapo. Weka kulanti, dawa ya kupoza injini, siyo maji matupu. Ile inayouzwa bila kuchanganywa, ichanganye nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, kama yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi. Angalia chupa yake asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikishuka kila wiki, tafuta inapovujia usiishie kuongeza. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Mle ndani kuna mgandamizo, na maji yanakurukia usoni. Onyo jekundu likiwaka, simama hapo hapo penye usalama, zima injini, subiri ipoe.

Sasa oili. Mimi ni dereva wa teksi za mtandao, natembea kama kilomita 150 kwa siku, maana yake kilomita 5,000 za servisi ya oili zinaisha kwa mwezi mmoja na siku chache. Lakini foleni ya Barabara ya Mandela haihesabiwi kwenye kilomita: injini inafanya kazi saa nzima, gari limesogea hatua chache. Ndiyo maana mimi namwaga kila 4,000, na filta nabadilisha kila mara, kwa sababu filta ya zamani ina oili chafu inayochafua mpya. IST inachukua karibu lita 3.7 pamoja na filta. Ukinunua galoni ya lita 4, usikubali imwagwe yote. Kinachobaki kiweke kwenye buti. Kupima, simamisha gari pa tambarare, chomoa kijiti, kifute, kichovye tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ukifungua mfuniko wa oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia, usiwashe tena kabla fundi hajaona.

Haidroliki ya gia boksi usikubali kila kimiminika chekundu; IST ya toleo la kwanza inataka ya Toyota ya aina ya T-IV. Breki pedi zitazamwe kila servisi. Tairi zisome ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji anakuapia ni jipya.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni daftari la kurasa 48 ninaloliweka kwenye dashibodi. Tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei, na kilomita za servisi ijayo. Kichwa changu kilikuwa kinanidanganya. Nilikuwa naapa nimemwaga oili "juzi juzi" kumbe miezi mitatu imepita. Fungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani, mara nyingi utakuta stika ndogo ya gereji ya kule yenye tarehe na kilomita za oili. Yangu ilikuwa na namba 25 kwenye mwaka. Huo ni mwaka wa 25 wa Heisei, enzi ya mfalme wa Japani wa wakati huo, yaani 2013. Kule gari jipya likifikisha miaka 3 hukaguliwa kwa lazima, kisha kila miaka 2. Sisi tunayapokea yametunzwa, tunayaachia njiani.

Desemba narudi Ilula. Wiki moja kabla, fundi atapima kulanti, mipira ya maji, mfuniko wa rejeta na feni. Tutapumzika Ruaha Mbuyuni nusu saa, injini ipoe, tununue vitunguu vya nyumbani. Kitonga nitapanda kwa gia ndogo, kiyoyozi nimezima, madirisha wazi. Na wakati wa kurudi nitateremka kwa gia hiyo hiyo, ili injini ishike gari na breki zisiungue.