Kabla Hujapiga Hodi kwa Ndugu Usiowajua

Nilimpeleka baba kwenye nchi ambayo babu yake aliiacha akiwa kijana, asirudi tena. Tulikwenda sote: baba, mume wangu, mimi na watoto wawili. Tulijiandaa mwaka mzima, na bado mengine niliyajua nikiwa nimeshafika. Nakuandikia ili wewe uyajue mapema.

Anza na mkubwa wa ukoo aliye hai, wiki hii hii. Usimuulize "tumetoka wapi?", maana swali hilo hujibiwa kwa neno moja. Mpe picha ya zamani, umuulize huyu aliyesimama pembeni ni nani. Baba alikuwa akisisitiza kwamba hajui lolote. Nilipomshikisha picha ya harusi ya babu yake alizungumza saa mbili, nami nikamrekodi kwa simu. Geuza kila picha uangalie mgongo wake. Nyuma ya moja tulikuta muhuri wa mpiga picha na jina la mji, na huo ndio uliotufikisha.

Miaka usiyoijua, ikisie kwa vizazi. Kizazi kimoja ni kama miaka 25 hadi 30, kwa hiyo aliyezaliwa 1950 huenda babu yake alizaliwa kati ya 1890 na 1900. Unapopekua madaftari ya ubatizo, ndoa au vifo, hesabu hiyo inakuokolea siku nzima. Jina nalo litafute kwa kila namna linavyoweza kutamkwa. Makarani waliandika walichosikia. Letu lilikuwa limepoteza herufi ya kwanza.

Chagua tawi moja tu. Ukipanda vizazi vinne, kizazi hicho pekee kina wahenga wako 16, na huwezi kuwafuata wote kwa safari moja. Mti wa ukoo uchore kwa penseli kwenye karatasi kubwa, uache nafasi wazi. Wenyeji wetu waliinamia karatasi ile, wakafuta, wakaongeza watoto waliokufa wachanga ambao sisi hatukuwahi kuwasikia.

Tanguliza barua. Jieleze wewe ni mjukuu au kitukuu wa nani, unakuja lini, na useme wazi kwamba hudai urithi. Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu nilikosea. Siku ya kwanza niliuliza shamba la ukoo liliishia wapi. Nilitaka kujua tu, lakini chumba kizima kilinyamaza. Kwa aliyebaki akilima na kutunza makaburi peke yake, swali hilo linatisha. Ilibidi baba aombe radhi kwa niaba yetu.

Usipange mambo mengi kwa siku. Wazee wakutane kwanza. Watoto wape kazi, wa kwangu mkubwa alishika kinasa sauti. Mkipitia kwa mkalimani, sema sentensi fupi na umtazame ndugu yako, si mkalimani.

La mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Sisi tulikwenda na maswali kurasa sita, tukisahau kwamba waliobaki nao wana swali lao, tena la muda mrefu zaidi. Jua aliyeondoka aliishi vipi, alifanya kazi gani, alioa lini, amezikwa wapi. Beba picha za maisha yake ya huko, na nakala za kuwaachia.

Binti wa dada yake babu yule bado yu hai. Baba alimwita shangazi. Shangazi alimshika baba mikono muda mrefu, kisha akauliza kitu kimoja tu: alipokufa, kulikuwa na mtu wa kumfumba macho?

Baba akamwambia walikuwepo wanawe wote watatu. Akampa picha ya kaburi. Shangazi akainuka polepole, akaenda kuisimamisha kando ya picha ya mama yake.