Datsun 240Z breki zinashika haziachii? Anza na nipo (skrubu ya kutolea hewa kwenye breki) kabla hujanunua spea

Wenye 240Z tunajua hili gari ni la mbio, ndo lilimpa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally 1971 na Shekhar Mehta 1973, sasa likianza kuwa zito, ukitoa mguu kwenye mafuta linapunguza lenyewe, rimu inachoma na harufu ya lainingi inaingia mpaka ndani, usikimbilie kununua kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski za mbele). Watu wengi wanabadilisha kalipa zote na ugonjwa unabaki palepale. Kwanza ujue kitu kimoja, presha imefungiwa ndani ya mfumo au ni chuma kimegoma kurudi?

Endesha mpaka zishike, simama sehemu tambarare, weka vigingi kwenye matairi, piga jeki halafu stendi (jeki peke yake hapana, usiingie chini). Zungusha matairi moja moja ujue lipi linashika. Kwenye hilo visha kimpira kwenye nipo, ncha nyingine kwenye chupa, legeza nipo kidogo. Mafuta ya breki yakiruka kwa nguvu na tairi ikaachia hapohapo, presha ilikuwa imefungiwa. Yakichuruzika tu na tairi bado ngumu, tatizo ni kalipa, dramu au hendibreki.

Tuseme ni presha na ni tairi moja tu, mshukiwa wa kwanza ni mpira wa breki (hozi inayopeleka mafuta kwenye breki ya tairi). Kwa nje unaweza kuuona mzima kabisa ila ndani umevimba na njia imebaki nyembamba, mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite lakini kurudi yenyewe hayawezi. Kuhakikisha, funga nipo, kanyaga tena ishike, legeza nati ya paipu ya chuma pale juu inapoingia kwenye mpira. Kama tairi haiachii mpaka ufungue nipo ya chini, ni mpira huo, na ukibadilisha badilisha kulia na kushoto.

Zikishika mbili za mbele kwa pamoja au zote nne, panda kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki). Masta ya 240Z ina vyumba viwili, kwahiyo za mbele kushika huku za nyuma ziko huru haimaanishi masta ni nzima. Mule ndani kuna tundu dogo sana linalorudisha mafuta kwenye kikopo ukiachia pedali, na fimbo ya busta (kinachoongezea mguu wako nguvu) ikiwa ndefu pistoni hairudi mpaka mwisho, tundu linabaki limezibwa, mafuta yakipata joto yanatanuka na hayana pa kwenda, breki zinajikaza zenyewe. Ndo maana asubuhi gari linatoka poa, baada ya kilomita kadhaa linagoma. Legeza nati mbili zinazoshika masta kwenye busta, ivute mbele kidogo, zikiachia basi mchawi umempata. Ila kabla hujagusa fimbo angalia swichi ya taa za breki juu ya pedali, kwenye hili gari ndo inayozuia pedali isirudi juu zaidi, na mtu akiikaza sana pedali inabaki kama imekanyagwa muda wote. Lazima pedali iwe na mchezo kidogo.

Na kama kuna mtu aliwahi kujaza oili ya injini badala ya mafuta ya breki, mipira yote imeshavimba, hapo ni kubadilisha sili na mipira mfumo mzima, hakuna njia ya mkato.

Ikiwa ni chuma, mbele toa pedi uangalie pistoni kama zina kutu chini ya kifuniko cha vumbi. Kutu ikishakula kromu usipige msasa ukarudisha, nunua pistoni mpya na sili zake. Nyuma ndo panapodanganya watu wengi, kwasababu wili silinda (inayosukuma shuu zibane dramu kwa ndani) ya 240Z ina pistoni upande mmoja tu na yenyewe inatakiwa iteleze kwenye bamba la nyuma ili shuu zote mbili zifanye kazi, ikishikwa na kutu pale inapotelezea shuu hazirudi hata kama silinda ni mpya kabisa. Ifungue, safisha kwa brashi ya waya, paka grisi ya breki kiduchu, isukume kwa kidole uone inateleza. Kebo ya hendibreki nayo ilegeze uangalie kama inarudi. Vumbi la dramu usipulize na kompresa, shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, lowesha ufute.

Rudisha kila kitu, jaza DOT 3 au DOT 4 ya chupa mpya, toa hewa, halafu zunguka mtaani huku ukiacha gari lipungue lenyewe bila kukanyaga sana. Ukisimama sogeza mkono karibu na rimu kila upande, joto la kulia na kushoto lifanane.