Sola Inatoa Volti Ndogo: Anzia Juu ya Paa, Ushuke na Mita Mpaka Kwenye Betri

Ikifika Desemba simu za wateja huwa nyingi. Huku Pangani neno ni lile lile: "Fundi, sola imechoka." Wengi wameshaambiwa dukani wanunue paneli nyingine, na baadhi wameshanunua. Paneli nzuri haichoki kirahisi hivyo. Kampuni nyingi huidhamini kutoa umeme kwa miaka 25. Volti zikishuka, mara nyingi zimekwama mahali fulani njiani, na mahali hapo panapatikana kwa mita ya kawaida na mtu mwenye subira. Inaniuma kuona mtu anatoa laki mbili kwa ajili ya konekta moja iliyooza, ndiyo maana naandika haya.

Unahitaji multimita inayopima volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), bisibisi, msasa mwembamba, na plaizi ya kubania konekta. Ukipata klampu mita, ile inayobana waya na kupima ampea bila kuukata, hakikisha inapima ampea za DC, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zinapima AC tu (umeme wa gridi) na hazitakusaidia kwenye sola.

Kabla hujagusa kitu, kumbuka kwamba paneli haina swichi. Ikiona jua, inatoa umeme. Ukichomoa konekta wakati umeme unapita, cheche ya DC huvutika na inaweza kuyeyusha plastiki au kukuunguza mkono. Zima kwanza breka ya paneli, ile swichi ya kukata umeme iliyofungwa kwenye waya wake. Kama huna breka, funika paneli kwa turubai zito. Ukitaka kuondoa kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), toa waya za paneli kwanza, halafu za betri. Wakati wa kurudisha, betri ndiyo inatangulia. Paneli zikiwa mbili au zaidi kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine), volti zake zinatosha kumuumiza mtu vibaya, kwa hiyo usizishike ukiwa na mikono iliyolowa.

Soma karatasi ya nyuma ya paneli

Pale nyuma kuna namba tatu za kuandika kwenye daftari. Voc ni volti za paneli isipounganishwa na kitu. Vmp ni volti zake ikiwa kazini. Isc ni ampea za juu kabisa. Paneli ya mfumo wa volti 12 ina seli 36 (vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme), na Voc yake huwa karibu 21 au 22, Vmp kama 18. Ile ya seli 60 ina Voc ya 37 au 38. Ya seli 72 huwa na 45 hivi.

Sasa namba hizo zilipimwa kiwandani, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Pangani, saa saba mchana, paneli hufika nyuzi 60 na kuendelea. Kila nyuzi moja inayozidi 25 inapunguza volti kwa karibu asilimia 0.3. Kwa hiyo paneli iliyoandikwa 21.6, ikipata moto wa nyuzi 65, itakusomea kama 19. Hiyo 19 ni afya njema kabisa, usiihangaikie.

Jambo la pili linalowatisha watu bure ni kupima paneli ikiwa imeunganishwa kwenye kontrola ya PWM, ile ya bei ya chini. Kontrola hiyo huivuta paneli ishuke ilingane na betri. Utaona 13 kwenye paneli ya Vmp 18 na utadhani imekufa. Haijafa, ndivyo PWM inavyofanya kazi. Kwenye kontrola ya MPPT, ile ya bei ya juu, paneli inatakiwa ibaki karibu na Vmp, na hapo ukiona 13 una haki ya kuwa na wasiwasi.

Pima paneli moja moja, bila mzigo

Jua likiwa kali, kati ya saa tano na saa nane, zima breka, tenganisha paneli, na pima kila moja peke yake. Linganisha na Voc baada ya kutoa hesabu ya joto. Usiishie kwenye "ndogo" au "kubwa". Tazama imepungua kwa kiasi gani, maana kiasi hicho ndicho kinachotaja ugonjwa.

Niliitwa Ushongo, ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja mwenye friza ya samaki. Alikuwa na paneli mbili za seli 60 kwa mfululizo. Kwa joto la siku ile nilitegemea kama volti 66 kwa pamoja. Mita ikasoma 55. Zimepungua 11, na 11 ni theluthi kamili ya paneli moja. Nikazitenganisha: ya kwanza 33, ya pili 22. Nikajua kabla sijafungua kitu. Paneli ya seli 60 imegawanyika mafungu matatu, na kila fungu lina dayodi yake ndani ya boksi la nyuma, inayopitisha umeme pembeni fungu likipata kivuli. Dayodi ikiungua na kushikana, fungu lake linakuwa halipo tena, usiku na mchana. Paneli ya seli 36 huwa na dayodi mbili, na hapo ikishikana moja unapoteza nusu: badala ya 19 unaona 9 na kitu.

"Sasa fundi, ninunue mpya?" mama akauliza.

"Hapana mama, paneli yako ni nzima. Kilichokufa ni hiki hapa." Nikamwonyesha: dayodi ndogo nyeusi, mgongo umepasuka, na plastiki ya boksi pembeni yake imegeuka rangi ya chai.

Ukitaka kuithibitisha, funika paneli, itoe dayodi, weka mita kwenye alama ya dayodi. Nzima inasoma upande mmoja, kwa kawaida kati ya 0.2 na 0.4, na upande wa pili haisomi. Iliyoshikana inasoma sifuri pande zote mbili. Weka nyingine yenye ampea na volti zilezile au zaidi, na mstari wake uelekee ulikokuwa wa zamani. Kama boksi limejazwa gundi, usilivunje. Rudisha paneli ulikoinunua kama dhamana ingalipo.

Paneli ikisoma sifuri kabisa, angalia waya uliokatika ndani ya boksi. Ikipungua kidogo kidogo bila mpangilio, na kioo kina nyufa au kuna mistari ya kahawia juu ya seli, maji yameingia, na hiyo ndiyo paneli ya kubadilisha kweli.

Volti bila mzigo hazisemi ukweli wote

Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea, wanapima bila mzigo, wanaona 19, wanasema paneli nzima, tatizo ni betri. Paneli yenye vumbi, yenye mavi ya kunguru, au iliyofunikwa nusu na kivuli bado itakuonyesha volti nzuri ikiwa haijaunganishwa. Mwanga ukipungua, ampea ndizo zinazoanguka kwanza. Na waya mbovu haupotezi volti mpaka umeme upite ndani yake. Kwa hiyo rudisha kila kitu, hakikisha betri haijajaa (ikijaa kontrola inazuia umeme, nawe hutaona kitu), washa friji au televisheni, kisha pima tena kuanzia juu kwenda chini.

Anza na jua lenyewe. Pangani iko kama nyuzi 5 na nusu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, Desemba linahamia kusini. Mnazi ulio kusini mwa nyumba unaweza kukaa mwaka mzima bila kuigusa paneli, halafu Novemba kivuli cha makuti yake kikaanza kulala juu ya seli. Hizo ndizo simu zangu nyingi za Desemba. Simama uani saa tatu, saa sita na saa tisa, utazame kivuli kinapita wapi. Kata makuti au hamisha paneli.

Kunguru nao si wa kudharau. Doa moja la kinyesi linaweza kuliziba fungu zima la seli. Osha alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa sababu maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Tumia maji ya mvua au ya bomba na kitambaa laini. Maji ya kisima chenye chumvi yataacha utando mweupe.

Fuata waya

Pima kwenye paneli, kisha pima kwenye kontrola, umeme ukiwa unapita. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayoliwa na waya. Unaweza kuikadiria kabla: urefu wa waya mara mbili, kwa sababu umeme unakwenda na kurudi, mara ampea, mara 0.0175, gawa kwa ukubwa wa waya kwa milimita za mraba. Umbali wa mita 15, ampea 10, waya wa shaba wa mbili na nusu: inaliwa volti 2.1. Badilisha uweke waya wa sita, inaliwa 0.9 tu. Kwenye mfumo wa volti 12 hizo mbili ni nyingi mno. Paneli ya moto inafanya kazi kwenye volti 15 hivi, ukitoa 2.1 inabaki 13, na betri ya maji (ya risasi na asidi) inahitaji kama 14.4 ili ijae. Itajaa kwa taabu, na jua litazama haijafika.

Kwangua pia waya wenyewe. Zipo waya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, zinauzwa kama shaba. Ukikwangua kwa kisu utaona weupe ndani. Hizo zinakula volti zaidi, na kwa chumvi ya bahari huoza haraka.

Baada ya waya, konekta. Upande wetu wa pwani ndiko nyumbani kwa ugonjwa huu. Konekta inaweza kuwa safi kwa nje, lakini ukiifungua pini ni ya kijani na imelegea. Usiikisie, ipime: umeme ukiwa unapita, weka ncha moja ya mita kabla ya kiungo na nyingine baada ya kiungo, ukigusa sehemu za chuma zilizo wazi, kama skrubu za breka, kishikizo cha fyuzi na vichwa vya betri. Kiungo kizuri kinasoma karibu na sifuri. Kikipita volti 0.2, kifungue, kisafishe au kibadilishe. Konekta za paneli zimefunikwa, kwa hiyo zishike kwa mkono ukiwa makini: inayopata joto kuliko wenzake ndiyo mbovu. Kata, bana mpya kwa plaizi yake, na usioanishe dume la kampuni moja na jike la kampuni nyingine hata kama yanaingiliana.

Mwisho wa njia

Kama paneli na waya viko sawa, geukia betri. Iache ipumzike saa kadhaa bila kuchaji wala mzigo. Betri ya maji ya volti 12 iliyojaa husoma 12.7, nusu 12.2. Ikikwama karibu na 10.5 hata baada ya kuchaji siku nzima, seli moja ndani imekufa, na itaivuta kila namba utakayopima kwenye mfumo wa PWM.

Angalia pia kama mtu aliongeza paneli. Paneli ya seli 36 ikifungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) na ya seli 60, kubwa inashushwa ifanye kazi kwenye volti za ndogo, na karibu nusu ya nguvu yake haitumiki. Zitenganishe, kila moja na kontrola yake.

Ukimaliza, andika namba zako kwa kalamu isiyofutika ndani ya mfuniko wa boksi la kontrola: volti za kila paneli, volti kwenye kontrola, volti za betri, saa, na hali ya jua. Fundi atakayekuja baada yako ataanzia hapo.