Machimbo ya moramu yaliyoachwa, yapande miti ya kuni

Ukiwa na kipande kilichochimbwa moramu (changarawe ya barabara) kikaachwa, huku tambarare ya Moshi, usikitelekeze. Mahindi hayatakubali pale, lakini mti wa kuni utakubali ukiandaliwa shimo la maana. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha: wananunua miche mizuri, wanaichomeka kwenye ardhi ngumu, na kiangazi cha kwanza kinaimaliza yote.

Chimba mashimo Januari na Februari, kabla ya masika. Kina sentimita 60, upana sentimita 60. Kwenye moramu andaa sururu. Udongo wa juu uliondoka na wachimbaji, kwa hiyo jaza shimo kwa udongo wa kuchota kwingine uliochanganywa na debe la samadi iliyooza. Usilijaze mpaka juu. Acha kisahani, na upande wa chini wa mteremko inua tuta la nusu duara, maji ya mvua yatuame kwenye mche badala ya kukimbilia korongoni. Tandaza nyasi kavu, zisiguse shina, maana mchwa hufuata.

Mti upi? Mimi ningeanza na mjohoro. Unavumilia ukame, kuni zake ni nzuri, na ukikatwa unachipua tena. Wafugaji wa nguruwe wakumbuke kwamba majani yake ni sumu kwa nguruwe. Changanya na mlusina, unaoongeza naitrojeni kwenye udongo, ila uvune kabla mbegu hazijakomaa kwa sababu husambaa. Mkaratusi hukua upesi sana. Tafadhali usiupande karibu na chemchemi wala mfereji. Mathenge, mti wa miiba unaosambaa ovyo, usiuguse kabisa, hata ukipewa bure: ukishaingia shambani, kuutoa ni kazi ya miaka.

Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, ekari hubeba miche 1,000 hivi. Mbuzi wasiingie mpaka miti iwazidi kimo.

Mjohoro huvunwa mwaka wa tano hadi wa saba. Tumia msumeno, acha kisiki cha sentimita 15, mkato uwe na mwinamo maji yasituame. Machipukizi yakija mengi, bakiza mawili au matatu yenye nguvu. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, hivyo zipasue na kuzipanga penye upepo miezi kadhaa kabla ya kuziuza.

Kuhusu soko, usitegemee shule kubwa: serikali imezuia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kupikia kuni na mkaa. Zungumza mapema na wachoma tofali, na kabla ya kupakia gari fika ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) upate kibali na hati ya kusafirishia.