Pedali ya breki inazama: utaratibu ninaoufuata kwenye Corolla 110

Juzi nimemalizana na Corolla 110 ya jirani. Ilikuja ikiwa imeshafungwa masta silinda mpya (pampu inayosukuma mafuta ya breki, kwa kifupi masta) na brek pedi mpya, na pedali bado inakwenda chini. Pesa yote hiyo ilitoka kabla mtu hajauliza pedali inazama namna gani. Utaratibu huu unafaa pia kwa Starlet na gari nyingi za zamani zenye diski mbele na dramu nyuma.

Fanyia kazi mahali tambarare, gari ikae juu ya stendi na siyo jeki peke yake. Na usiipeleke barabarani "kuijaribu" kabla hujamaliza.

Hatua ya 1: Isome pedali

Zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka nguvu ya buusta (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga) iishe. Achia, hesabu mpaka kumi, kisha kanyaga na ushikilie.

Ikishuka polepole chini ya mguu uliotulia, presha inatoroka. Ikibonyea kama sponji na kukurudishia mguu, kuna upepo ndani. Ikienda mbali mkanyago wa kwanza, halafu ukipampu haraka inapanda na kukaa juu ikiwa ngumu, mara nyingi brek shuu za nyuma ziko mbali na dramu.

Sasa washa injini huku umekanyaga. Pedali itashuka kidogo, na inatakiwa ishuke: hiyo ni buusta inafanya kazi. Kuna watu wameuziwa masta kwa sababu ya mshuko huo tu.

Hatua ya 2: Tafuta kuvuja

Angalia tairi zote nne kwa ndani, funua raba za wili silinda za nyuma (zile zinazosukuma shuu ndani ya dramu), fuata paipu za chuma. Pita pia mkono pale masta inapokutana na buusta, maana sili (raba ya kuzuia kuvuja) ya nyuma ikichoka mafuta ya breki yanaingia ndani ya buusta na chini hutaona tone. Kama pedali inashuka, kiwango cha mafuta kwenye chupa ya juu ya masta hakipungui na nje ni pakavu, sili za ndani za masta zinapitisha. Hapo masta inahusika kweli. Mimi sipendi ripea kiti (seti ya raba mpya za kukarabatia) kwenye masta yenye vishimo vya kutu, weka nyingine.

Hatua ya 3: Vuta handibreki

Vuta handibreki, kisha kanyaga breki. Pedali ikipanda kwa kiasi cha kuonekana, kazi iko nyuma: fungua dramu, safisha, geuza ajasta (kirekebisha nafasi ya shuu) mpaka tairi iguse kidogo tu ikizungushwa. Usikaze waya wa handibreki ili kuficha nafasi hiyo. Shuu zirekebishwe kwanza, waya baadaye.

Hatua ya 4: Kutoa upepo

Kabla ya kufungua kitu, chuchumaa uangalie nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa za mbele (zile zinazobana brek pedi kwenye diski). Iko juu au iko chini?

Hapa ndipo ile Corolla ilipokuwa imekwamia. Kalipa za mtumba za kulia na kushoto zinafanana sana, na zikifungwa kinyume zinaingia vizuri tu, brek pedi zinakaa, tairi inazunguka. Ila nipo inakuwa chini. Upepo unapanda juu ya kalipa na kutulia huko, wakati mafuta yanatoka chini yakiwa safi bila povu hata moja. Unaweza kumaliza chupa tatu za mafuta ya breki ukiamini upepo umeisha, na pedali ni ileile. Kisha ndipo mtu anasema masta ni mbovu.

Dawa ni kuzibadilishana upande. Weka washa mpya za shaba kwenye bolti ya hosi, na hakikisha hosi haijajisokota ukikata usukani hadi mwisho kila upande. Kama huna muda wa kubadilishana, ondoa kalipa kwenye mabano yake bila kufungua hosi, weka kipande cha mbao mahali pa diski ili pistoni isiruke, inua kalipa nipo iwe juu kabisa, toa upepo, rudisha. Itafanya kazi, lakini kila ukibadilisha mafuta utarudia mchezo huo.

Jambo la pili ni mguu wa msaidizi anayekukanyagia pedali wakati wa kutoa upepo. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Kila siku pistoni ya masta inatembea sehemu fupi tu ya silinda. Sehemu iliyobaki imekusanya kutu na uchafu. Ukiikanyaga hadi mwisho, sili zinaburuzwa juu ya uchafu huo na kuchanika. Ndivyo gari iliyokuja na upepo kidogo inavyoondoka na masta iliyokufa.

Mpangilio: anza na tairi iliyo mbali zaidi na masta. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Tumia ringi spana. Spana ya mdomo wazi itakula kona za nipo. Msaidizi anakanyaga na kushikilia, unafungua, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi. Chupa isikauke hata kidogo.

Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4, kutoka chombo kilichofunguliwa siku hiyo. Yanavuta unyevu: DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishavuta unyevu kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, Iringa, tofauti hiyo ndiyo inayogeuza mafuta kuwa mvuke. Oili ya injini au ya gia usiweke hata tone. Inavimbisha raba zote za mfumo. Mafuta ya breki yakimwagikia rangi ya bodi, mwagia maji mara moja.

Hatua ya 5: Bado laini?

Bana hosi za mpira kwa kibanio chenye midomo ya mviringo, siyo praisi. Ukibana zote na pedali ikawa ngumu, masta ni nzima. Achia moja moja. Ile inayorudisha ulaini ndiyo yenye tatizo, ama tairi yake ama hosi yenyewe inayovimba ikipata presha. Hosi iliyopasuka-pasuka usiibane, itupe tu.

Hatua ya 6: Majaribio

Uwanjani, mwendo wa kutembea, mkono kwenye handibreki. Kesho yake asubuhi kagua kila nipo kwa kitambaa kikavu na uangalie kiwango kwenye chupa kabla ya kuwasha gari.