Namna ya kusoma matangazo ya maduka na dawa katika magazeti ya enzi ya Mjerumani

Mwalimu mmoja wa historia hapa Tabora alitaka matangazo ya zamani ya maduka na dawa ayatumie darasani, tukakaa pamoja kuyatafuta. Kazi si ngumu. Kinachokula muda ni bei, ndiyo maana Hatua ya 3 ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Pata gazeti

Anza na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, gazeti la Kijerumani lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899. Picha za kurasa zake zimewekwa mtandaoni na Staatsbibliothek, maktaba kubwa ya Berlin, bure. Shusha ukurasa mmoja mmoja, maana ukishusha toleo zima bando litakwisha kabla hujafika kwenye matangazo, ambayo mara nyingi yako nyuma na kwenye kurasa za nyongeza. Kama Kijerumani kinakushinda kabisa, tafuta Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa Tanga enzi hizo hizo.

Hatua ya 2: Zoea herufi

Ni zile herufi za Kijerumani zenye pembe pembe, Fraktur. "s" ya katikati ya neno inafanana na "f", na "k" inafanana na "t". Usitegemee mashine ikusomee. Zipo programu zilizofundishwa herufi hizi, lakini tangazo lenye fremu, picha na maandishi ya ukubwa tofauti huzichanganya. Mimi napitia ukurasa kwa macho, kwenye kompyuta, siyo simu. Majina ya kigeni mara nyingi yalipangwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo yanajitokeza yenyewe. Ujiji itafute kwa tahajia ya Udjidji, na Mwanza kwa Muansa au Muanza.

Hatua ya 3: Bei

Ukiona "Rp." hiyo ni rupia, fedha ya koloni. Mpaka mwaka 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64 (pesa hapa ni jina la sarafu ndogo). Mageuzi ya mwaka huo yakaifanya kuwa heller 100, sarafu ndogo mpya. Kwa hiyo "Rp. 1.32" katika gazeti la mwaka 1900 ni rupia moja na nusu, lakini katika gazeti la mwaka 1910 haifiki hata rupia moja na theluthi. Tarakimu zile zile, bei mbili.

Tarehe ya gazeti ikiwa imekatika, angalia tarakimu za baada ya nukta. Pesa haziwezi kuzidi 63, maana zikifika 64 zimeshakuwa rupia. Kwa hiyo "Rp. 2.75" lazima iwe heller. Ila kinyume chake hakithibitishi kitu: "2.50" inaweza kuwa pesa au heller. Hapo angalia bei nyingine katika tangazo hilo hilo, maana duka lililoorodhesha bidhaa nyingi kwa heller huenda likawa na angalau moja inayozidi 63 baada ya nukta. Zote zikiwa chini, usiamue. Weka alama ya kuuliza uendelee.

Kuna pia mark, fedha ya Ujerumani kwenyewe. Tangazo lenye anwani ya Hamburg au Dresden huwa na bei ya kule, na rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20. Chupa ya mark 2 ni rupia moja na nusu, lakini hiyo ni chupa iliyoko Ujerumani. Bado meli, bado mizigo ya kuja bara. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914. Kabla ya hapo mzigo ulimalizia safari kichwani kwa mpagazi. Usimwambie mwanafunzi kwamba mtu wa Ujiji aliinunua chupa ile kwa bei iliyoandikwa.

Na usijaribu kugeuza bei hizo kuwa shilingi za leo. Watu wanapenda sana kufanya hivyo, na hesabu yake haina maana yoyote. Linganisha na bei ya kitu kingine kwenye ukurasa ule ule: sabuni, unga, usiku mmoja hotelini.

Hatua ya 4: Nani anauza, yuko wapi

Soma mistari ya chini kabisa, ndipo jina la wakala lilipo. Tangazo kubwa la dawa lisilo na wakala wa bara halithibitishi kwamba dawa ilifika Tabora. Kitangazo cha mistari mitatu cha mwenye duka kina faida zaidi: kinataja mji, bidhaa, wakati mwingine na mtaa.

Hatua ya 5: Dawa

Dawa za chupa na vidonge zilizotangazwa duniani enzi hizo zilidai kutibu karibu kila kitu, na viambato vilikuwa siri ya mwenye kiwanda. Mwaka 1909 chama cha madaktari cha Uingereza kilichapisha uchunguzi wake: vidonge vya Beecham vilikuwa shubiri, tangawizi na sabuni. Chlorodyne, dawa ya maji iliyopendwa na wasafiri kwa tumbo la kuendesha, ilikuwa na kasumba ndani yake, kwa hiyo kweli ilifunga tumbo. Waonyeshe wanafunzi madai kwanza, viambato baadaye.

Hatua ya 6: Chapa

Karatasi ya A4, steshenari yoyote. Andika jina la gazeti, tarehe na ukurasa nyuma kwa penseli, na mwambie kijana wa mashine asikate kingo za juu, kwa sababu tarehe iko pale.