Kabla chama chenu hakijachukua Paybill, haya yafikirieni kwanza

Kila kikundi hufika mahali laini ya mweka hazina haitoshi tena. Pesa ya chama inaingia kwa simu yake inachanganyika na ya unga na ya fare, na hata awe mwaminifu vipi hana jinsi ya kuthibitisha. Halafu kuna kikomo, laini ya M-Pesa ya mtu binafsi haibebi zaidi ya shilingi 500,000 na haitumi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, sasa harambee ikinoga watu wanaanza kuambiwa haiwezekani. Na Mungu apishe mbali, akifariki hiyo inahesabiwa mali yake, nyinyi mtaanza kujieleza kwa familia.

Sasa wengi hukimbilia kuuliza Paybill, ile namba ya M-Pesa ya kupokea malipo ya kikundi au biashara, ni pesa ngapi. Mi ningeuliza kwanza nani atakaa chini kila wiki kulinganisha pesa zilizoingia na majina, na atajuaje hii ni ya nani. Hilo ndilo linaamua karibu kila kitu kingine.

Chukua till, ile namba nyingine ya kulipia kwa M-Pesa. Iliundwa kwa duka, mtu analipa anabeba sukari yake anaenda, hakuna mahali pa kuandika ni ya nini. Mkiwa mnauza maziwa au tiketi inatosha kabisa. Lakini mkikusanya michango mtahitaji Paybill, kwa sababu ina ile sehemu ya akaunti namba. Na msidhani mtamtambua mtu kwa namba yake ya simu, siku hizi inakuja imefichwa katikati, kwa hivyo mna Mary watatu na kila mmoja ametuma 1,000.

Ile sehemu ya akaunti mkiwaachia watu mtaona maajabu: "mchango", "ya mwezi", "mama Brian", mwingine kaandika tu "ok". Gaweni namba za wanachama kabla Paybill haijaanza kazi, na ziwe tarakimu tupu maana herufi O na sifuri zitawatesa. Kama mna mifuko miwili mitatu wekeni tarakimu moja mbele, mfano 5 ni akiba na 6 ni ya matanga, basi mwanachama 014 akichangia matanga anaandika 6014. (Nilitaka kusema 1 na 2, lakini 2014 mtu ataandika akidhani ni mwaka.)

Njia ya haraka ni kutumia Paybill ya benki yenu, Equity 247247, KCB 522522, Co-op 400200, hamna kungoja. Shida ni kwamba pale kwa akaunti namba panaingia namba ya akaunti yenu, so nafasi ya kuandika ni nani inakuwa imeshaisha. Ulizeni benki kama kuna namna ya kuongeza jina, na waulize kabla ya kuprinti mabango.

Makato amueni kwa kikao. Kuna mpango ambao anayelipa ndiye anakatwa, kuna ambao kikundi kinabeba, na kuna wa kugawana. Kama watu wenu wanatoa kidogo kidogo kila wiki, mi naona kikundi kibebe, mtu akikatwa juu ya hicho kidogo ataanza kuleta mkononi na mmerudi pale pale.

Karatasi: cheti cha usajili, PIN ya KRA (watu wa ushuru) ya kikundi, vitambulisho vya maofisa na minutes zilizosainiwa. Jina lifanane herufi kwa herufi kila mahali, cheti kikisema "Self Help Group" na benki iseme "SHG" mtarudishwa. Na mmoja aanzishe malipo, mwingine aidhinishe, wasiwe bibi na bwana tafadhali.

Walio ng'ambo ni habari nyingine. PayPal inakubali kutoa pesa hadi M-Pesa tangu 2018, na kampuni za malipo ya mtandaoni kama Pesapal au Flutterwave wanapokea kadi, ila angalieni makato ya kubadilisha dola na pesa inachukua siku ngapi kufika. Malipo ya kadi pia mwenye kadi anaweza kuyapinga wiki kadhaa baadaye, msitumie yote siku hiyo hiyo. Na kamwe msimuombe mtu namba za kadi kwa WhatsApp, mtumieni link ajaze mwenyewe.

Mkishapata, jitumieni shilingi kumi kumi mkiwa watu watano, mmoja akosee namba makusudi, muone stetimenti inaonyesha nini. Ile meseji mtu anawaonyesha kwa simu yake si risiti, angalieni kwenu kama imeingia. Na mwenye kutuma 5,000 badala ya 500 atapiga simu, kwa hivyo andikeni mapema: pesa inarudi kwa laini ile ile iliyotuma, akisema "nitumie kwa hii nyingine, ile imezima," mwambieni aichaji.